Mkono Usiouma

Ngumi ya Patasi ilikusudiwa sikio la mkewe, ila mkewe akainama, na mlango wa kabati ndio ulioipokea. Kabati lenyewe Patasi alilitengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana: mbao nene, bawaba nzito, msasa juu ya msasa. Angekuwa fundi wa kulipua kazi, mlango ungetoboka na mambo yangeishia hapo. Lakini Patasi ni fundi kweli, hilo hata wanaomchukia hawabishi, na kazi yake ikamrudi mwenyewe. Mlango haukutikisika. Mfupa wa mkono ndio ulioitika, kwa mlio mdogo ambao wote wawili waliusikia.

Kosa la mkewe siku hiyo lilikuwa kusema kwamba mtu wa miaka thelathini na minne hana budi kulala mapema wiki ya pambano. Basi. Maneno hayo tu, na sahani za chakula cha jioni zilikuwa bado mezani.

Alibaki ameinama, macho ameyafumba, akisubiri ngumi ya pili. Haikuja. Alipoyafumbua alimwona Patasi amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia kaubana kwapani, uso umemtoka jasho. Tusidanganyane hapa. Kilichomzuia hakikuwa mapenzi wala aibu. Kilichomzuia ni maumivu, na mkewe alilijua hilo pale pale, akalitia moyoni.

"Leta barafu," Patasi akasema.

Alileta. Kazi yake ni kuuza dawa, miaka tisa sasa yuko nyuma ya kaunta moja karibu na soko, na vidole vyake vimezoea kupapasa matatizo ya watu. Aliupapasa ule mkono taratibu. Chini ya kidole kidogo, pale kidole kinapoungana na kiganja, kulikuwa na kitu kinachosogea kisichopaswa kusogea.

"Umevunjika," alisema.

"Haujavunjika. Umeshtuka."

"Kapige picha hospitali."

"Ili msimamizi wa ngumi aipate hiyo picha? Una akili wewe?" Patasi alimtazama kama mtu aliyemwibia. "Leo Jumanne. Jumamosi napigana na Kinyozi. Atakayeshinda anaingia kwenye timu inayosafiri. Miaka kumi na moja napigwa na kupiga katika ukumbi ule, halafu Jumatatu nashika randa kama kawaida. Na wewe unaniambia nikapige picha."

Mkewe alikuwa anaifunga barafu kwenye kitambaa.

"Utanichoma sindano ya ganzi," Patasi akasema. "Jumamosi, kabla sijapanda ulingoni. Nisiusikie huu mkono kabisa."

"Tuanze na vidonge," akajibu, kwa sauti ile anayoitumia kwa wateja wakali.

* * *

Vidonge vilifanya kazi vilivyoweza. Patasi alimeza vya asubuhi, vya mchana na vya jioni, akaongeza na vya kesho, na alichovuna ni kiungulia. Alhamisi saa nne asubuhi akaingia dukani na kitanzi cha nguo shingoni, maana mkono alikuwa ameutundika kwenye shati la zamani. Kulikuwa na wateja watatu, na mama mwenye duka alikuwa kwenye kiti chake pembeni.

"Wewe daktari wa kaunta!" Patasi alianza kutoka mlangoni. "Dawa zako zinatibu mkono au tumbo?"

Mteja mmoja akacheka. Mama mwenye duka akashusha miwani puani.

"Karibu huku nyuma," mkewe akasema, na uso ulikuwa unamwaka kwa haya.

"Nyuma ya nini? Waambie wasikie. Mke anauza dawa, mume anakufa kwa maumivu. Hawa nao unawapa chokaa hii hii?"

Alimwingiza stoo, kati ya makatoni ya pamba na chupa za dawa za kikohozi. Mlango ulipojirudisha tu, Patasi alimshika taya na shingo kwa mkono wa kushoto, akambana na rafu hadi chupa zikagongana.

"Sindano."

"Sina ruhusa ya kuchoma ganzi."

"Sikukuuliza ruhusa."

"Sikiliza basi." Alisema kwa shida, taya limebanwa. "Cha kumeza kinazunguka mwili mzima, kikifika mkononi kimeshachoka. Sindano inafika pale pale, hiyo ni kweli. Lakini sindano inaacha tundu. Msimamizi anamulika mikono na tochi, si unamjua? Akiona tundu moja, hupandi."

Patasi akamwachia. Msimamizi yule alimjua vizuri; mwaka jana alimvua mtu glovu mbele ya ukumbi mzima kwa alama moja ya sindano kiwikoni. Mkewe alishukuru kimoyomoyo kwamba hoja ile ilimjia. Hoja yake ya kweli hakuisema, wala asingethubutu: alimwogopa mume mwenye mkono usiouma.

"Tafuta njia isiyo na tundu," Patasi akasema, akirekebisha shati lililoning'iniza mkono wake. "Na uipate. Jumamosi nikipigwa kwa sababu ya huu wa kulia, nyumbani nitarudi na wa kushoto."

Patasi alipotoka, mama mwenye duka alimwambia tu muuza dawa wake ajifunge kitambaa shingoni, wateja wasije wakashtuka.

* * *

Baba wa huyu muuza dawa anaitwa Mafuta, na jina hilo amelichuma kwa haki. Miaka thelathini anawachua mabondia kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa ngumi, palipokuwa stoo ya viti. Hapo ana kitanda cha mbao, ndoo mbili, na mkebe wa bati wenye dawa yake ya kuchua ambayo haiuzi wala haielezi, ingawa yeyote mwenye pua anajua kwamba ndani yake mna pilipili kali na kafuri. Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka sita. Amemlea peke yake, akamsomesha kwa mkebe ule.

Ijumaa mchana, binti akiwa kando, aliuchukua mkono wa mkwewe, akaugeuza juu, akaugeuza chini.

"Ubao ulikuangukia?"

"Ubao, Mzee."

"Mm. Nenda kaniruke kamba dakika kumi, miguu isilale."

Patasi akatoka. Mafuta akasubiri hadi aliposikia kamba inapiga sakafu kule ukumbini, kisha akamgeukia binti yake.

"Ubao ukikuangukia unakuumiza huku juu. Huu umevunjikia kwenye kifundo cha kidole. Ni mkono wa mtu aliyepiga kitu kisichosogea."

Binti akakikaza kitambaa chake shingoni.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele ya hicho kitu, baba."

Kamba iliendelea kupiga sakafu. Mafuta alikitazama kile kitambaa cha shingoni, akatazama pembeni, akauvuta mkebe wake karibu. Binti alisubiri. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili na bado alisubiri baba yake aseme neno moja tu.

"Hiyo krimu yenu ya ganzi," Mafuta akasema, "inafika kina gani?"

Iliuma. Iliuma kuliko rafu ya stoo, kuliko taya, na kama angekuwa peke yake angelia kwa sauti. Lakini Mafuta naye alikuwa na lake. Miaka thelathini hajawahi kumtoa bondia hata mmoja akavuka mpaka, na sasa kifua kilikuwa kimeanza kumbana anapochua watu wanene. Mkwe huyu ndiye wa mwisho. Hakulisema, lakini lilikuwa usoni kwake, wazi, na binti akalisoma.

"Peke yake haifiki mbali," akajibu. "Ngozi ni ukuta. Ukiipaka na kuifunika kwa nailoni saa nzima, inazama kidogo. Mfupani haifiki."

"Yangu inafika."

"Yako inachoma tu, baba."

"Inachoma kwa sababu inafungua. Nyinyi watu wa vitabu mna dawa zenu za kumeza na za kuchoma, lakini vitabu havina vidole." Maneno hayo alikuwa ameyasema mara mia, na kwa kawaida binti angembishia mpaka chai ipoe. "Tuchanganye. Yangu ifungue mlango, yako iingie ndani. Tupake kuanzia vidole hadi kiwiko, mishipa yote ilale. Na uzuri wa kupaka ni huu: ukikosea, unafuta. Sindano ukikosea utaifuta na nini?"

Aliona ni sahihi. Hilo ndilo la kusikitisha, kwamba aliona ni sahihi, kwa kuwa alihesabu kila kitu alichofundishwa kuhesabu: unene wa ngozi, muda, kipimo, tochi ya msimamizi. Mikono ya baba ilikuwa inatetemeka siku hizi, kwa hiyo aliichanganya yeye mwenyewe, tyubu tatu za krimu ya ganzi ndani ya nusu mkebe wa dawa ya baba, akikoroga kwa mpini wa kijiko hadi rangi ikawa moja. Ilipomgusa kidole ilimchoma vikali, halafu baada ya muda kidole kikafa ganzi, kikawa kama si chake.

"Inafanya kazi," alisema.

"Nilikwambia," Mafuta akasema, na kwa mara ya kwanza siku nyingi akacheka.

* * *

Jumamosi saa nane mchana walimpaka, wakamzungushia nailoni kuanzia vidole hadi kiwiko, wakasubiri. Patasi aling'ata taulo wakati wa kuchoma. Baadaye akalitema, wakamvua nailoni, naye akaugonga mkono kwenye ukuta, mara moja, halafu tena kwa nguvu zaidi.

"Sisikii kitu!" Alikuwa anacheka kama mtoto. "Sisikii kitu kabisa! Mke wangu, wewe ni daktari wa kweli, watu hawajui tu."

Akambusu kwenye paji la uso. Mkewe alifurahi, na palepale akaona aibu kwamba amefurahi.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Kinyozi, mpinzani mwenyewe, mrefu, mwembamba, mikono kama matawi. Kiti chake cha kunyolea kiko mkabala na duka la dawa, na kila mwisho wa mwezi huvuka barabara kununua dawa za presha za mama yake.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja kumsalimia jamaa kabla sijamharibu," alisema, na meno yote nje. "Wiki ijayo umlete nimnyoe bure. Ila nitapata tabu, maana kichwa kitakuwa na vilima."

"Toka hapa, mnyoa ndevu wewe," Patasi akasema, naye anacheka. Wakagonganisha ngumi, za kushoto.

Kisha akaja msimamizi na tochi yake. Alimulika kiwiko, akamulika katikati ya vidole, akageuza, akatafuta tundu. Harufu ya dawa ilikuwa kali, lakini ukumbi wote ule unanuka dawa ya kuchua tangu ulipojengwa. Kuta zenyewe zinanuka. Akasimamia Patasi akifungwa bandeji za ngumi, akatia sahihi yake juu yake, akaenda.

* * *

Raundi mbili za kwanza zilikuwa za Kinyozi, hakuna ubishi. Alikaa mbali na kumchapa Patasi kwa ile mikono mirefu, mdomo, jicho, mdomo, mpaka damu ikamchirizika Patasi kidevuni. Watu mia tatu walikuwa wamesimama juu ya viti. Katika kona ya Patasi, Mafuta alishika ndoo na binti yake alishika taulo begani, kama ilivyokuwa kawaida yao. Taulo likitupwa ulingoni, pambano limekwisha na mwenye taulo ameshindwa.

"Ingia ndani!" Mafuta alimfokea mkwewe. "Mkumbatie! Mlalie!"

Raundi ya tatu Patasi aliingia ndani. Ndizo ngumi zake siku zote, ngumi za karibu. Alimkumbatia Kinyozi, akauweka mkono wa kulia shingoni, akamsugua uso kwa ule mkono kuanzia kiwiko hadi glovu, huku wa kushoto ukimsaga mbavu. Mwamuzi aliwaachanisha, wakashikana tena. Jasho la Patasi lilikuwa linatiririka mkononi, na glovu za ukumbi ule zimechakaa, zimepasuka kwenye mishono. Mara tano, mara sita, uso wa Kinyozi ulipanguswa kwa mkono ule.

Kengele ilipolia, Kinyozi alikwenda kona yake akipepesa. Watu wake wakamfuta macho kwa taulo kavu.

Raundi ya nne alikuwa anatokwa na machozi, macho yamekuwa mekundu. Watazamaji wakapiga mayowe: "Analia! Kinyozi analia!" Halafu machozi yakakauka. Mwanamke aliyekuwa kwenye kona ya Patasi aliona kitu ambacho watu mia tatu hawakukiona: Kinyozi hakupepesa tena. Macho yalikuwa wazi, yamekodoka, yanatazama taa za dari, na yeye alikuwa anayasugua kwa kamba ngumu za glovu kama mtu anayesugua sufuria.

Pilipili kwanza. Ganzi baadaye. Kidole chake mwenyewe kilimwambia.

Raundi ilipokwisha na Patasi kuketi kwenye kigoda, alimvuta baba yake.

"Baba, macho ya yule. Ni ile dawa yetu."

Mafuta alitazama ng'ambo ya ulingo. Aliona, miaka thelathini ya kutazama nyuso zilizoumia, angekosaje kuona?

"Nyamaza," akasema.

"Hayasikii maumivu, anayachana mwenyewe na kamba. Atapofuka, baba. Mfute Patasi mkono, angalau."

"Nikimfuta sasa msimamizi atauliza nafuta nini. Dakika mbili tu. Yule amekwisha."

Patasi aliwasikia. Alimtazama mkewe kwa jicho moja, la pili limeshavimba.

"Ukilirusha hilo taulo," alisema taratibu, mpaka akaonekana kama anaomba maji, "usirudi nyumbani. Na ukirudi, ujue."

Akasimama. Kengele ikalia.

Kilichofuata hakikuwa pambano. Kinyozi alikuwa anarusha ngumi pale aliposikia viatu vikikwaruza, na Patasi alikuwa amesimama kwingine. Ngumi ya kulia ilimpata puani, na pua ikalala upande. Ya kulia tena, mbavuni. Mkono ule uliovunjika ulikuwa unapiga bila kujihurumia, kwa kuwa hakuna aliyeuarifu kwamba umevunjika; chini ya glovu vifupa vilikuwa vinasagana, na mwenye navyo alikuwa anatabasamu. Kinga ya meno ilimruka Kinyozi kinywani, ikaanguka mapajani mwa mtu wa mstari wa mbele. Mtu huyo akainyanyua juu, watu wakashangilia. Mwamuzi aliona bondia anayepigwa, basi, naye kazi yake ni kuhesabu wakianguka.

Taulo lilikuwa begani. Mkewe alilishika kwa mikono yote miwili. Alijiambia sasa. Akajiambia ngumi hii ikipita. Akaiona nyumba, mlango umefungwa kwa ndani, mkono wa kushoto. Hakulirusha. Lazima isemwe, maana yeye mwenyewe baadaye hakulificha: alikuwa na taulo mkononi na hakulirusha, na Kinyozi alipigwa ngumi kumi na moja zaidi. Alizihesabu.

Ya kumi na moja ilimwangusha kifudifudi.

* * *

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda ulingoni, wakamnyanyua Patasi mabegani, Mafuta anacheka na kulia kwa pamoja. Ng'ambo ya pili dada yake Kinyozi, mwanamke mnene mwenye aproni ya kazi, alikuwa amepiga magoti amempakata kaka yake kichwa. Kijana wa kona yao alikuwa anamfuta macho kwa lile lile taulo kavu.

Muuza dawa akaidaka ndoo ya maji safi kwa mikono miwili. Hakukumbuka kupita chini ya kamba. Aliukata ulingo katikati, akapita chini ya miguu ya mumewe inayoning'inia, akapiga magoti.

"Usifute! Acha! Maji, maji tu!" Alizifungua kope za Kinyozi kwa vidole, akaanza kummwagia. "Mshike kichwa, dada. Usimwache asugue."

"Wewe ni nani? Si mke wa yule?" dada akauliza.

"Mkono wa mume wangu umepakwa dawa. Pilipili na ganzi. Imemwingia machoni." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini walio karibu walisikia, wakawaambia wenzao, na kelele za ukumbi zikaanza kushuka, safu moja baada ya nyingine. Msimamizi aligeuka. Waliombeba Patasi wakamshusha polepole, kila mmoja akijitoa.

Patasi alikuja. Watu walimpisha. Alikuwa bado na glovu.

"Sema umekosea," akamwambia. "Sema sasa hivi. Waambie umechanganyikiwa."

Mkewe aliendelea kumwaga maji.

Ngumi ya kulia ilimpata mdomoni. Ndoo ikayumba lakini hakuiachia. Patasi aliutazama mkono wake, karibu kwa mshangao. Siku zote ngumi moja ilitosha, ya pili alikuwa anaifikiria. Safari hii hakuna kilichomuuma, akarudia, na akarudia tena, mbele ya watu mia tatu ambao kwa muda mrefu mno walikuwa wanatazama tu kana kwamba ni raundi ya sita.

Dada yake Kinyozi ndiye aliyemvaa. Alimrukia mzima mzima, na hapo ndipo wengine walipokumbuka wana mikono. Kiti kilirushwa, kikampata mwamuzi. Kikafuata kingine. Watu wa Kinyozi na watu wa Patasi wakatwangana kati ya kamba, chupa zikapasuka, msimamizi akatambaa chini ya ulingo na tochi yake, na Patasi akapotelea ndani ya mateke kumi, kumi na tano, akilia jina la baba mkwe.

Mafuta alikuwa kwenye kona yake, mkebe kaukumbatia kifuani chini ya koti.

"Nipe, baba," binti akasema. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni hadi kwenye blauzi.

"Nitaumwaga chooni. Hakutakuwa na ushahidi, mwanangu. Watasema ni jasho."

"Daktari lazima ajue ni nini. Asipojua atamtibu kwa kubahatisha."

"Miaka thelathini!" Mafuta alifoka, na sauti ikampasuka. "Miaka thelathini, na wewe unanizika kwa siku moja!"

Aliushika mkebe. Baba hakuuachia. Wakavutana, baba na binti, watu wazima wawili wanagombea bati, hadi damu ya mdomo wake ikamdondokea Mafuta kwenye vidole. Hapo Mafuta akaitazama ile damu, kisha akauinua uso, akamwona mwanawe. Vidole vikalegea.

* * *

Mwenye pikapu mmoja aliwapeleka hospitali ya macho. Njia nzima muuza dawa alimmwagia Kinyozi maji kutoka kwenye madumu, na dada mtu alimshika kichwa bila kusema naye hata neno. Kinyozi tu ndiye aliyeongea.

"Mbona siumwi?" aliuliza. "Nimepigwa hivi, halafu siumwi. Ni vizuri, sivyo?"

Muuza dawa akafungua dumu jingine.

Daktari aliufungua mkebe, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Nani aliichanganya hii?"

"Mimi," akasema. Akataja krimu, tyubu ngapi, pilipili, kafuri, saa waliyompaka, saa iliyomwingia machoni, na muda gani amemwagiwa maji. Alitaja kila kitu kwa mpangilio, kama anavyomwelekeza mteja. Alijua kwamba Jumatatu hatakuwa nyuma ya kaunta, na huenda hata Jumanne akawa mahali pabaya zaidi. Alitaja hata duka.

"La kushoto limechanika sana," daktari akasema baada ya kuangalia kwa mwanga. "La kulia, kwa kuwa nimejua ni nini, nitajaribu." Akaingia ndani na Kinyozi, mlango ukafungwa.

Dada yake Kinyozi aliketi mwisho wa benchi, mbali. Baadaye kidogo akasema bila kugeuka:

"Ulikuwa na taulo begani. Nilikuona."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakutazama wewe muda wote. Nilijua utalirusha."

Muuza dawa alilia, hatimaye, na machozi ya chumvi yakamchoma kwenye mdomo uliopasuka. Aliyaacha yamchome.

Muuguzi alikuja na daftari la mapokezi, kijana wa kike mwenye kalamu sikioni. Aliandika habari za Kinyozi, akapiga mstari chini yake, kisha akauona ule mdomo, taya, na alama za vidole shingoni ambazo kitambaa hakikuzificha tena.

"Na wewe, mama? Umeanguka?"

Alikuwa akijua jibu la swali hilo, na hata dawa yake: mafuta mepesi, mara mbili kwa siku, usisugue.

"Sikuanguka," akasema. "Nimepigwa na mume wangu. Si leo tu."

Dada yake Kinyozi akageuka, akamtazama. Muuguzi akavuta kiti, akaketi, akafungua ukurasa mpya.